MJI HUU NI WA NANI?

Je, umewahi kuhesabu ngazi unazopanda kwa siku? Pengine hapana. Mwenye miguu yenye nguvu hahesabu. Sasa tuseme kuna msichana wa kidato cha pili, anaishi Dar es Salaam na anatembelea kiti cha magurudumu. Leo anataka kwenda zahanati. Mtaro wa mbele ya nyumba hauna kifuniko. Daladala ina ngazi, na konda ana haraka zake. Njia ya waenda kwa miguu imejaa pikipiki. Akifika zahanati, mlangoni anakuta ngazi tatu. Anarudi nyumbani bila dawa.

Kilichomzuia ni nini? Wengi watajibu, "Si miguu yake?" Hapana! Miguu hiyo hiyo anakuwa nayo darasani, na darasani anafaulu. Kilichomzuia ni mtaro, daladala, pikipiki na ngazi. Vyote hivyo vimewekwa na watu, na watu wanaweza kuvibadilisha.

Mfano tunao hapa hapa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi Dar es Salaam Mei 2016, vituo vyake vilijengwa ili sakafu ya kituo ilingane na ya basi. Mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuingia bila kubebwa. Na siyo yeye tu anayenufaika. Yupo mama mjamzito, yupo bibi mwenye mkongojo, na upo wewe siku ukiteguka mguu uwanjani.

Vikwazo visivyo vya saruji

Kiziwi akienda kliniki ambako hakuna anayejua lugha ya alama, inabidi afuatane na kaka yake amtafsirie. Hebu jiulize: wewe ungeweza kumweleza daktari kwamba unatokwa na usaha sehemu za siri, huku kaka yako anasikiliza? Wengi wangenyamaza, na ugonjwa ungeendelea.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike na kila mtu. Kwa hiyo kuweka njia ya mteremko mlangoni siyo hisani, ni haki.

Wewe ufanye nini?

1. Uliza kwanza. Usisukume kiti cha mtu bila ridhaa yake.
2. Asiyeona usimburute. Mpe kiwiko chako akishike, nawe utangulie hatua moja.
3. Ukiongea na kiziwi, mtazame yeye, siyo mkalimani.

Zoezi la kikundi

Chukueni futikamba mpime ngazi za shule yenu. Kanuni ni hii: kila sentimita 1 ya kimo inahitaji mteremko wenye urefu wa sentimita 12. Ngazi 3 za sentimita 15 kila moja zina kimo cha sentimita 45, hivyo mteremko uwe na mita 5.4. Ukijengwa wa mita 2 tu, utakuwa mkali na kiti kitarudi nyuma.

Andikeni vipimo vyenu kwenye barua, mpelekeeni mkuu wa shule. Lakini kabla ya kuandika, mwulizeni mwanafunzi mwenzenu mwenye ulemavu ni wapi anapokwama. Njia hiyo anaijua kuliko ninyi nyote.