Kijana Mwenye Pumu na Dawa ya Siku Asizougua

Katika miezi ya Juni na Julai, wingu linapotanda juu ya mlima na baridi kushuka katika vihamba vya Kibosho, Marangu na Old Moshi, kikohozi huwa jambo la kawaida katika kila nyumba. Kwa sababu hiyo kijana wa miaka 14 anayeamka alfajiri kifua kikiwa kimebana na kutoa mlio kama wa filimbi, aghalabu hupewa chai ya tangawizi na kuambiwa avae sweta. Miezi hupita kabla hajafikishwa hospitali. Huko huambiwa apulize kipima pumzi, avute dawa ya kufungua mirija ya hewa, kisha apulize tena baada ya robo saa. Pumzi ikiwa imeongezeka sana, tabibu hupata alama kubwa ya pumu.

Kuchelewa huku si kwa Kilimanjaro pekee. Uchunguzi uliofanywa katika shule za miji sita ya Afrika, ukiwamo Kampala, na kutangazwa mwaka 2024, uliwahoji wanafunzi zaidi ya 27,000. Wapatao 12 katika kila 100 walieleza dalili za pumu, lakini miongoni mwa hao ni mmoja tu kati ya watano aliyekuwa amekwisha kuambiwa na tabibu kwamba ana ugonjwa huo.

Jina la ugonjwa likishajulikana, hofu huingia nyumbani. Katika mkoa wenye hospitali ya Kibong'oto, iliyotibu kifua kikuu tangu enzi za ukoloni, ugonjwa wowote wa kifua hushukiwa upesi. Ni kweli kwamba kikohozi cha majuma mawili au zaidi hakina budi kupimwa makohozi. Lakini pumu haiambukizi. Kijana hahitaji kikombe chake peke yake, wala wadogo zake hawana sababu ya kuhamishwa chumbani mwake.

Ndani ya kifua cha mwenye pumu kuna mambo mawili. La kwanza ni kukaza kwa misuli inayoizunguka mirija ya hewa. Hili huja na kuondoka. La pili ni uvimbe wa kuta za mirija hiyo, pamoja na ute mzito; nalo hubaki hata siku ambazo mgonjwa anacheza na kucheka. Mkulima wa mlimani anayemwagilia kwa mfongo atalielewa jambo hili kwa urahisi: lango likifunguliwa maji hupita, lakini mfereji uliojaa matope utaendelea kupitisha maji kidogo mpaka uzolewe.

Salbutamoli, iliyoanza kutumika mwaka 1969, hufungua lango. Dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, zilizofuata miaka michache baadaye, huondoa matope. Tatizo ni kwamba ya kwanza huleta nafuu katika dakika chache na ya pili huchukua siku nyingi, hivyo mgonjwa huipenda ile na kuidharau hii. Kwa muda mrefu hata matabibu waliwapa wagonjwa wengi salbutamoli peke yake. Mwaka 2019 mpango wa dunia wa pumu, GINA, ulibadili ushauri huo: mgonjwa wa miaka 12 au zaidi asitegemee salbutamoli peke yake, bali apate pia steroidi ya kuvuta, kwa sababu wanaotegemea ya kufungua tu ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya, hata kufa. Wazazi wanaoliogopa neno steroidi wajue kwamba kiasi kinachovutwa ni kidogo na huenda moja kwa moja mapafuni. Kusukutua mdomo baada ya kuvuta hupunguza uwezekano wa kupata utando mweupe wa kinywani.

Dawa nyingi hupotea kwa kuvutwa vibaya. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town, wakiongozwa na Heather Zar, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni ili pampu ichomekwe barabara, huwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawa na kifaa cha dukani. Pampu hutikiswa, hubonyezwa mara moja, na mgonjwa huvuta polepole kwa kinywa cha chupa.

Linabaki suala la kijana mwenyewe. Mtoto wa miaka sita hupewa dawa na mama. Wa miaka 14 huificha pampu chini ya daftari asichekwe. Kumkaripia hakusaidii. Afadhali aulizwe na tabibu yeye mwenyewe, si mzazi wake, na dawa ya kila siku iwekwe karibu na mswaki. Katika shule za bweni hatari ni kubwa zaidi: kuna utaratibu wa kuzifungia dawa zote ofisini, hali pumu hubana hasa usiku. Huo ni utaratibu mbaya. Pampu ya kufungua ikae mfukoni mwa mwanafunzi, na mwalimu wa zamu ajue hivyo kwa barua.

Moshi wa mafiga, vumbi la majani makavu ya ng'ombe wa ndani na vumbi la kahawa inayokobolewa viepukwe kadiri iwezekanavyo. Michezo isikatazwe. Mwingereza Paula Radcliffe, mwenye pumu, alikimbia marathoni ya London mwaka 2003 kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 25, rekodi ya dunia iliyodumu mpaka ilipovunjwa na Mkenya Brigid Kosgei mwaka 2019.

Kijana akibanwa, akae wima, asilazwe. Apewe salbutamoli mpulizo mmoja mmoja kupitia chupa, kila baada ya nusu dakika hadi dakika moja, mpaka mipulizo 10. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, gari litafutwe mara moja, hata kama ni usiku na njia ya mlimani ina utelezi, na dawa iendelee kutolewa njiani mpaka hospitali.