Somo la 27: Ua la Siku Moja

Watoto, mnajua maua mengi yanayokaa juma zima bila kunyauka. Leo tutasoma habari za ua linalofunguka asubuhi na kufa usiku ule ule. Kesho yake jingine hufunguka karibu nalo, na kesho kutwa jingine tena. Bua moja huweza kubeba matumba 10 na zaidi. Kwa hiyo mmea mmoja hupamba bustani kwa majuma matatu au manne, ingawa kila ua lina siku yake moja tu.

Sisi tutaliita yungiyungi la siku. Wataalamu huliita Hemerocallis. Jina hilo limetoka katika maneno mawili ya Kigiriki: hemera, maana yake siku, na kallos, maana yake uzuri. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 1753. Lakini hili si yungiyungi la kweli. Yungiyungi la kweli lina tunguu ndani ya ardhi, mfano wa kitunguu. Mmea huu una mizizi minene, iliyovimba kama viazi vyembamba. Humo huweka akiba ya maji na chakula. Wataalamu wa siku hizi huuweka katika jamaa moja na mshubiri. Tazameni mshubiri ulio karibu na nyumba yenu: bua lake nalo huinuka kutoka katikati ya majani, likiwa na maua juu.

Kwao ni Asia: Uchina, Korea na Japani. Wachina hawautazami tu, wanaula. Huchuma matumba ya ule wa manjano kabla hayajafunguka, huyapika kwa mvuke, huyakausha juani, kisha huyatia katika mchuzi. Wao huyaita sindano za dhahabu. Mabichi hawayali, maana huumiza tumbo.

Kati ya namna zake zote, iliyo ngumu sana ni ile ya rangi ya machungwa. Huko Ulaya na Marekani huonekana kando ya barabara, ndani ya mifereji, hata penye magofu ya nyumba. Huvumilia baridi ya digri 30 chini ya sifuri. Majani hufa, theluji hufunika kila kitu, theluji kama ile iliyo juu ya mlima Ruwenzori. Lakini mizizi imelala salama chini. Theluji ikiyeyuka, majani mapya hutoka.

Na sasa sikieni jambo la ajabu. Huo wa machungwa unaoonekana kila mahali hauzai mbegu. Kwa nini? Mimea mingi imepokea urithi wa mafungu mawili, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Ikitaka kufanya mbegu, huugawa urithi huo nusu kwa nusu. Lakini mmea huu una mafungu matatu. Mpeni mtu mayai matatu, awagawie watoto wawili sawasawa bila kuvunja hata moja: atashindwa. Vivyo hivyo mmea huu. Arlow Stout, mtaalamu wa bustani kubwa ya mimea ya New York, aliujaribu miaka mingi, akichukua vumbi la ua hili na kulipaka katika ua lile. Alipata mbegu chache mno.

Basi, ulifikaje Ulaya katika karne ya 16, na baadaye Marekani? Kwa mikono ya watu. Mtu alichimba kipande cha mzizi, akakifunga vizuri, akakichukua safarini. Ni kama mgomba wetu: nani amepanda mbegu ya ndizi? Twachimba chipukizi, twampa jirani, naye humpa jirani yake. Ndiyo sababu huko Marekani, ukikuta kundi la maua haya peke yake porini, mara nyingi palikuwa na nyumba hapo zamani. Nyumba imeoza, waliokaa ndani wamekufa, maua yamebaki.

Sasa kazi yenyewe. Tuseme mtu wa Ubelgiji ana kipande cha ardhi karibu na kijito. Udongo una unyevu, majani ya pori yamo, naye hataki kupalilia kila juma. Hapo yungiyungi la siku lafaa sana. Lakini kwanza aangalie maji. Unyevu ni jambo moja; maji yaliyosimama ni jambo jingine. Achimbe shimo la sentimita 30, alijaze maji, aende zake. Kesho yake, kama maji bado yamo, asipande hapo, maana mmea utaoza. Au kwanza ainue tuta. Ule wa machungwa huvumilia mafuriko ya siku chache, lakini ile ya bustani yenye maua makubwa ni dhaifu zaidi.

Ndani ya shimo hufanya kichuguu kidogo cha udongo, huketisha mmea juu yake na kutandaza mizizi pande zote. Shingo ya mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, iwe chini ya udongo sentimita 2 au 3, isizidi. Toka mmea mpaka mmea, sentimita 50. Majuma ya kwanza humwagilia maji. Baadaye majani marefu huinama na kufunika udongo, magugu hukosa jua, na mwenye bustani hupumzika. Majani yaliyokauka huyaondoa, lakini yale mabichi asiyakate, kwa kuwa ndilo jiko la mmea. Akiona tumba limevimba kupita mengine na halifunguki, alipasue: atakuta funza wadogo weupe, watoto wa inzi mdogo sana. Matumba hayo huchumwa na kuchomwa moto upesi. Akiyaacha yaanguke, funza huingia udongoni kungoja mwaka ujao. Na mwenye paka asiulete mmea huu nyumbani, maana huharibu figo za paka.

Miaka minne au mitano ikipita, mimea husongamana na maua hupungua. Hapo huchimba fungu lote, hulikata kwa sepeto, na kila kipande chenye majani na mizizi hupandwa upya. Hapa ndipo wengi hukosa. Vipande vikizidi, huvitupa kijitoni au pembeni mwa msitu. Maji huchukua mzizi, huuacha huko chini, nao huota. Baada ya miaka kadhaa ukingo mzima umejaa majani yake, na mimea midogo ya mahali pale, iliyokuwa ikilisha nyuki na vipepeo, imekosa jua ikafa. Katika sehemu kadhaa za Marekani watunza misitu huuhesabu kati ya mimea ivamiayo, nao hutoka jasho kuuchimba. Huo wa machungwa hakuupeleka ndege huko. Ni mtu na sepeto yake.

Mimi ningeupanda mbali na kijito, hatua 10 au zaidi, na ukingo ningewaachia wenyeji wake. Au ningechagua ule wa manjano wenye harufu nzuri, usioenea upesi kama ndugu yake. Vipande vilivyobaki ningewapa jirani, na kama hakuna anayevitaka, ningevianika juani mpaka vikauke kabisa.

Maulizo
1. Ua moja hukaa siku ngapi? Mbona mmea huchanua majuma mengi?
2. Mmea wa machungwa na mgomba hufanana kwa jambo gani?
3. Mtu atajuaje kama ardhi yake ina maji yaliyosimama?
4. Katika kijiji chenu, ni mmea gani ulioletwa na watu, na sasa unaota penyewe kando ya maji? Nani aliuleta? Waulizeni wazee.