Nyumba za Kale Zataka Moto Jikoni



Somo letu la mara hii ni juu ya vikundi vinavyotaka kujenga boma la kale, ili watoto na wageni waje waone wazee wetu waliishi namna gani. Nimeletewa maombi kama haya mara nyingi: mnataka nyumba za nyasi, ghala la nafaka, vibuyu na vigoda, na pale langoni mtu wa kukata tiketi. Wazo ni zuri. Lakini kabla hamjachanga hata shilingi moja nisikilizeni, maana mimi mwenyewe nilishawahi kuongoza kikundi vibaya katika jambo hili.

Kilikuwa kikundi cha akina mama huko mashambani. Walipoomba ushauri niliwaambia jengeni tu, wageni watakuja. Wakajenga nyumba tatu kwa akiba yao ya karibu mwaka mzima, wakaweka vyungu na ngozi ndani, wakafunga kufuli vitu visiibiwe. Baada ya misimu miwili ya mvua paa lilikuwa limeoza, mchwa wamepanda hadi kwenye fito, na ngozi imetobolewa na wadudu. Wageni waliofika ni wa kuhesabu kwa vidole. Akina mama hawakunilaumu kwa mdomo, lakini mkutano uliofuata walikuja wachache sana.

Jambo hilo liliniuma. Siku moja nikamsimulia mama mmoja anayeuza mitumba Soko la Toi, pale ambapo watu wa Kibera na wa Kawangware hukutana kutafuta riziki. Alikuwa anakunja sweta za watoto. Akacheka, akaniuliza: “Sasa dada, nani alikuwa anapika humo ndani?” Nikanyamaza. “Nyumba ya nyasi bila moshi itakaaje?”

Huyo mama hana diploma, lakini jibu lilikuwa hapo. Zamani mafiga yalikuwa ndani ya nyumba. Moshi wa kila siku ulipanda darini, ukakausha nyasi na miti na kufukuza wadudu. Ndiyo maana nyasi za ndani zilikuwa nyeusi na ngumu. Mwenye nyumba alikuwa anakandika ukuta unapopasuka, anabomoa vichuguu vya mchwa akiviona, anaongeza nyasi kabla ya mvua. Nyumba ilidumu kwa sababu watu waliishi ndani yake. Ukiifunga kufuli umeiondolea dawa yake.

Hata wale wakubwa waliotangulia kazi hii walijua kwamba nyumba tupu haitoshi. Huko Uswidi, mjini Stockholm, Artur Hazelius alifungua Skansen mwaka 1891. Alihamisha nyumba za wakulima kutoka sehemu mbali mbali za nchi akazikusanya mahali pamoja, lakini alitia ndani yake watu waliovaa mavazi ya kwao, na mifugo pia. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Kijiji cha Makumbusho mwaka 1966 kando ya barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam. Huko kuna msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo na nyingine nyingi, na zimefanyika siku za utamaduni ambapo watu wa jamii fulani huja wenyewe kupika, kucheza na kueleza mambo yao. Wenye nyumba wanarudi nyumbani, tuseme hivyo.

Hapa kwetu tunayo Bomas of Kenya kule Lang'ata, iliyoanzishwa na serikali mwaka 1971. Si mbali na Kibera, lakini nimekutana na vijana wa Kibera wanaoijua kwa kuhesabiwa kura tu! Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa 1980, lina boma la Kijaluo la mume mwenye wake watatu. Nyumba ya mke mkubwa haiwekwi popote tu, wala simba ya kijana haiwekwi popote. Ukikosea mpangilio, mzee akifika atatikisa kichwa na kwenda zake. Kikundi kikitaka kuzuru Bomas, ulizeni kwanza kama pamefunguliwa, kwa sababu mwaka 2025 ilianza kazi ya kujenga kituo kikubwa cha mikutano mahali pale.

Sasa turudi kwenye mfuko wenu. Wafanyabiashara wa Toi walichomewa soko mapema 2008 wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, na mwaka 2019 moto ukapita tena. Wengi walikuwa wamezoea kuweka akiba ndogo ndogo kila siku, na hiyo iliwasaidia kusimama tena. Yule mama aliniambia hawezi kusimamisha kibanda kabla ya kutenga pesa za misumari na mbao za mwaka ujao. Mimi ningewashauri vivyo hivyo. Jengeni nyumba moja badala ya tatu, na pesa zinazobaki ziwe za nyasi. Halafu itumieni! Fanyieni mkutano wenu humo, pikeni uji, washeni moto angalau mara moja kwa wiki, na mtu asibanduke pale mpaka umezimwa kabisa.

Msimpe fundi wa mjini kazi ya kujenga. Waulizeni waliokuwa wakiijenga. Kwa Wamaasai, kwa mfano, nyumba ni kazi ya wanawake, kwa hiyo bibi ndiye injinia. Vijana washike fito, bibi aelekeze, na mmoja wenu aandike anayosema.

Daftari ni muhimu kuliko mnavyofikiri. Kibuyu kikiletwa, andikeni siku hiyo hiyo: jina lake kwa lugha ya nyumbani, kilitumika kwa nini, kimetoka kwa nani, na je, amekitoa au ameazima? Aweke sahihi au kidole gumba. Nimeona ndugu wakigombana juu ya kigoda cha marehemu baba yao mpaka chifu akaitwa. Na kama mkilima mkakuta vitu vya kale sana ardhini, msiviuze. Toeni habari kwa Makumbusho ya Taifa. Iko sheria ya mwaka 2006 juu ya mambo hayo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Katika kijiji chetu, ni nani bado anajua kuezeka, na ana umri gani?

Nyasi za kuezekea tutazitoa wapi, ikiwa malisho yameshalimwa yote?

Mgeni asipokuja miezi sita, nani atawasha moto?