FUNDISHO: YALE TUNAYOYAONA NJE WAKATI WA BARIDI

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 8:22, Ayubu 38:29-31, Yeremia 8:7.



Mvua ikiisha kukatika katika mwezi wa tano, wengi wetu hapa Kakanda tunaanza kulalamika. Tunasema huu ni wakati wa vumbi na kikohozi, majani yamekauka, nje hakuna cha kutazama. Tunajifunika blanketi na kungoja mwezi wa kumi. Lakini kitabu cha Mwanzo kinahesabu baridi pamoja na mavuno kati ya nyakati ambazo Mungu aliahidi hazitakoma. Basi inafaa tutoke nje na kuitazama. Tena si kwa furaha ya macho tu, kwa maana asiyejua kutazama wakati wa baridi anaweza kukata mti mzima akidhani umekufa. Tutalifikia jambo hilo katika sehemu ya nne.

1. Baridi yetu inatoka wapi

Sisi tunakaa kusini mwa ikweta, karibu digrii 11. Katika mwezi wa sita jua limekwenda kaskazini, na ndiyo sababu watu wa Ulaya wana joto wakati sisi tunatetemeka. Usiku wetu wa mwezi wa sita unapita ule wa mwezi wa kumi na mbili kwa zaidi ya saa moja. Tena nchi yetu iko juu, zaidi ya mita 1,200 kupita usawa wa bahari. Mbingu haina mawingu na hewa ni kavu, kwa hiyo joto la mchana linapanda juu usiku bila kitu cha kulizuia. Mawingu ni kama blanketi ya nchi. Kiangazi nchi inalala bila blanketi.

Watoto wanaweza kuona jambo hili kwa macho yao. Simamisheni kijiti cha mita moja mahali pa wazi, tarehe 21 ya mwezi wa sita, karibu saa sita na robo mchana. Kivuli kitalala upande wa kusini, kirefu karibu sentimita 68. Fanyeni vile vile tarehe 21 ya mwezi wa kumi na mbili, kama mawingu yataruhusu. Kivuli kitakuwa kama sentimita 22 tu, na kitakuwa kimegeukia kaskazini. Kijiti ni kile kile. Jua ndilo lililohama.

2. Asubuhi katika dembo

Hewa ya baridi ni nzito. Usiku inateremka polepole kutoka vilimani na kukusanyika katika dembo, kama maji yanavyokusanyika. Ndiyo maana mtu anayeshuka dembo alfajiri anahisi miguu inaganda, na akipanda tena mlimani anapata nafuu. Katika usiku mkali wa mwezi wa sita au wa saba, umande wa dembo unaweza kuganda ukawa sakitu nyeupe juu ya majani. Jua likiigusa inang'aa kidogo, kisha inakwisha. Anayelala mpaka saa mbili haioni kamwe. Katika Ayubu 38:29 mtu huyu mwenye mateso anaulizwa habari za sakitu hiyo, nasi tunaona kwamba swali lile halikuwa la watu wa nchi za mbali tu.

Mwenye bustani katika dembo aelewe jambo hilo pia. Miche ya nyanya iliyopandwa chini kabisa inaungua kwa baridi, na ile iliyopandwa hatua chache juu inaweza kupona.

Angalieni na moshi wa asubuhi. Haupandi, unalala juu ya nyumba kama kitambaa. Ni kwa sababu hewa ya chini ni baridi kuliko ile ya juu yake, na ile ya juu inakuwa kama kifuniko. Kwa macho ni jambo zuri, lakini kwa kifua si zuri.

Na hapa tunasema neno la nguvu kwa kila nyumba. Musilale na mbabula yenye makala ya moto katika chumba kilichofungwa. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala kwa sababu ya joto zuri, na haamki. Pasheni maji ya kuoga, pasheni mikono, kisha mbabula itoke nje kabla ya kulala. Wazee na watoto wapewe blanketi ya pili.

3. Kilima kisicho na miti, na kichuguu

Majani yakikauka, umbo la nchi linaonekana. Kutoka mbali tunaona vilima visivyo na miti katikati ya msitu. Havikukatwa na mtu: udongo wake una shaba nyingi, na shaba ni sumu kwa mizizi ya miti. Zinaota nyasi na mimea midogo iliyozoea udongo ule, nayo mingine haipatikani popote duniani isipokuwa katika vilima vya shaba vya nchi yetu. Kimojawapo cha mimea ya udongo wa shaba watu wa elimu wamekiita kwa jina la Katanga yenyewe, Haumaniastrum katangense. Mashine ikila kilima chote, mmea wa kilima kile hauna pa kuhamia.

Babu zetu walisoma vilima hivi kabla ya kiwanda chochote. Basanga na Bayeke walichimba na kuyeyusha shaba katika kiangazi, baada ya mavuno, wakati mashimo hayana maji na kuni ni kavu. Tanuri walizijenga kwa udongo wa kichuguu, na shaba ile waliimimina ikawa misalaba iliyojulikana mbali sana. Kwa hiyo wakati huu tunaouita wa bure ulikuwa wakati wa kazi yao kubwa.

Na kichuguu chenyewe tusikipite hivi hivi. Vile vikubwa vya Katanga vinapita urefu wa nyumba. Mwaka 2015 ilitangazwa kazi ya watu wa elimu waliopima udongo wa vichuguu vilivyoachwa na mchwa huku kwetu, na kimoja kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000. Kilikuwapo kabla ya jina la kijiji lolote tunalolikumbuka. Sisi tunakivunja kwa kiangazi kimoja ili kufyatua matofali. Hatusemi ni dhambi kufyatua matofali, kwa maana nyumba zetu zimetoka humo. Tunasema tu kwamba anayevunja ajue anavunja nini, na asivunje kuliko anavyohitaji.

4. Mti usio na majani si mti mkavu

Hili ndilo somo lenyewe. Msitu wetu ni wa miombo, wa miti kama muputu na mutondo. Katika mwezi wa saba na wa nane majani yanageuka, yanaanguka, na matawi yanabaki wazi. Mpita njia anasema, msitu umekufa. Lakini mti uliacha majani ili usipoteze maji. Chakula chake na maji yake vimewekwa katika shina na katika mizizi inayoshuka chini sana, kule ambako mvua ya mwaka uliopita ingali ipo.

Kisha tazameni linalofuata. Mwishoni mwa mwezi wa nane na katika mwezi wa tisa, joto linarudi, lakini mvua bado. Vumbi ni jingi, visima vimeshuka, mbingu haina hata wingu moja. Wakati ule ule miombo inatoa majani mapya. Hayatoki ya kijani. Yanatoka mekundu, ya rangi ya shaba na ya divai, na kilima kizima kinaonekana kama kinawaka bila moto. Majani yanakuja majuma mengi kabla ya mvua. Mti haungojei mvua ndipo uamini.

Sasa hatari tuliyoitaja. Mkata makala anaingia msituni mwezi wa nane, anaona mti hauna jani, anasema, huu ni mkavu, tukate. Amekata mti uliobakiza majuma machache tu kuvaa. Kabla ya kupiga shoka, kwaruzeni gome la tawi dogo kwa ukucha au kwa kisu. Chini yake pakiwa pa kijani na penye unyevu, mti ni mzima. Pakiwa pa kahawia na pakavu katika matawi mengi, mti umekufa kweli. Ni kazi ya nukta moja. Tunajua kwamba nyumba nyingi zinakula kwa makala, na hatuwezi kumwambia baba asilishe watoto. Lakini msitu unazidi kuwa mbali na barabara, na kila mmoja wetu anayenunua gunia anaona hivyo katika bei.

Moto nao una wakati wake. Huko Ndola, ng'ambo ya mpaka katika Zambia, tangu miaka ya 1930 walipima sehemu za msitu wa miombo. Sehemu iliyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi ilipoteza miti ikawa nyasi. Iliyochomwa mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ilibaki na miti yake. Anayechoma mwezi wa tisa anachoma majani yale mekundu.

5. Nyota za kabla ya mapambazuko

Anayeamka kusali alfajiri mwishoni mwa mwezi wa sita atazame mashariki. Ataona kundi dogo la nyota zilizokaribiana, nalo ni Kilimia, lile linalotajwa katika Ayubu 38:31. Jina lake linatoka katika kulima. Katika mwezi wa tano lilikuwa limefichwa na mwanga wa jua. Kila mwezi litatokea mapema zaidi, mpaka mwezi wa kumi na moja, wakati wa kupanda mahindi, litapanda mara jua linapotua. Na Yeremia 8:7 anasema juu ya ndege wanaojua nyakati zao. Mbayuwayu wa Ulaya waliotuacha mwezi wa nne watarudi karibu na mvua.

Maswali kwa vikundi

1. Kati ya vitu tulivyoviita vimekufa msimu huu, ni kipi hatujakwaruza gome lake? Tufikiri juu ya miti, kisha juu ya watu wa nyumba zetu.
2. Ni mzee gani wa mtaa wetu analala na mbabula chumbani kwa kukosa blanketi? Kikundi kimtembelee kabla ya Jumapili.
3. Kila nyumba ichague mti mmoja wa miombo. Watoto waandike tarehe jani la mwisho linapoanguka, na tarehe jani jekundu la kwanza linapotoka. Wataleta daftari siku mvua ya kwanza itakaponyesha, na tutahesabu siku pamoja.

Bwana awape macho ya kuona. Amina.