Mwalimu Asipokuwepo: Mtoto Anayejiongoza katika Masomo



Sisi tunaofanya kazi ya amani Beni na Butembo tumeona masomo yakikatika mara nyingi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia katika eneo la Beni yamezikimbiza jamaa nyingi. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 tulipambana na Ebola, na Machi 2020 shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya Korona. Kila mara tunajiuliza: mwalimu asipokuwepo, je, mtoto anajua kuendelea mwenyewe?

Mtoto aliyezoea kunakili ubaoni na kuitikia pamoja na wenzake husimama pale mwalimu anaposimama. Kwa hiyo leo tujifunze kidogo njia ya Montessori.

Ilitoka wapi?

Maria Montessori alikuwa daktari Mwitalia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini wa Roma. Aliona kwamba mtoto akipewa vifaa vinavyomfaa na uhuru wa kuchagua, hufanya kazi kwa makini bila kulazimishwa. Baada ya tetemeko la ardhi la Messina la mwaka 1908, njia hiyo ilitumiwa pia kwa yatima waliookoka. Katika Kenya ilifika Nakuru, kwa watu waliohamishwa na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na baadhi yao wakafundishwa kuwa walimu. Basi si njia ya watoto wa matajiri peke yao.

Katika shule ya msingi

1. Watoto wa miaka 6 hadi 9 husoma pamoja, vilevile wa miaka 9 hadi 12. Mkubwa humsaidia mdogo.
2. Mwalimu huonyesha kazi kwa kikundi kidogo, kisha kila mtoto huchagua kati ya kazi alizoonyeshwa.
3. Kifaa chenyewe humwonyesha mtoto kosa lake.
4. Uhuru una mipaka: anayekuta kifaa kinatumiwa hungoja, na aliyemaliza hukirudisha mahali pake.

Mfano: kujumlisha kwa vijiti

Tayarisha vijiti vingi. Funga mafungu ya vijiti 10, kisha unganisha mafungu 10 kupata 100. Andika kwenye karatasi ngumu: 148 + 75. Nyuma yake andika jibu, 223.

Mtoto hupanga hesabu zote mbili chini. Vijiti 8 na 5 ni 13. Hubadilisha 10 kwa fungu moja, na 3 hubaki. Mafungu 4, na 7, na lile moja ni 12. Hubadilisha 10 kwa mia moja. Akimaliza, hugeuza karatasi. Kama jibu halilingani, huhesabu tena. Mwalimu hana haja ya kumwambia, "Umekosa."

Kosa letu

Katika shule moja tulileta vifaa vizuri vya mbao. Tuliporudi tulivikuta vimefungwa kabatini, maana mwalimu aliogopa vitapotea. Kosa lilikuwa letu: tulitanguliza vifaa kabla ya mazungumzo. Sasa tunaanza na vijiti, ambavyo mtoto anaweza kuviokota hata mahali alikokimbilia.

Tunajua pia kwamba madarasa yamejaa, hasa tangu masomo ya msingi yatangazwe kuwa ya bure mwaka 2019. Anzeni na kikundi kimoja kwenye kona ya darasa, wengine wakiendelea na somo la kawaida.

Na amani?

Katika miaka ya 1930, Ulaya ikielekea vitani, Montessori alitoa hotuba juu ya elimu na amani. Kwetu tunakumbuka uvumi wa wakati wa Ebola, na vituo vya matibabu vilivyoshambuliwa Katwa na Butembo mwaka 2019. Vijiti havizuii risasi. Lakini mtoto aliyezoea kupima kazi yake mwenyewe huanza kuuliza, "Nitajuaje kama ni kweli?" Kijana mwenye swali hilo si rahisi kuvutwa na kila anayepiga kelele.

Maswali ya kuzungumzia pamoja

- Katika darasa letu, mtoto huchagua nini yeye mwenyewe?
- Anapokosa, nani humwonyesha kosa, na kwa namna gani?
- Shule ikifungwa kesho, ni kazi gani moja anaweza kuendelea nayo nyumbani?

Jaribuni kwa juma moja, kisha mkutane mzungumze mliyoyaona. Amani iwe nanyi.