Mbwa wa Shambani: Usinunue Jina, Angalia Tabia

Leo tuwaache kuku kidogo tuongelee mbwa, maana simu ninazopigiwa kuhusu mbwa hapa Kisarawe sasa zinakimbizana na zile za mdondo.

Kisa chenyewe hakibadiliki sana. Kijana amefungua banda la kuku wa mayai huko Msanga au Masaki, akaambiwa achukue German Shepherd kutoka Dar, akatoa laki kadhaa. Mbwa anakua, anabweka vizuri, mgeni hasogei getini. Halafu asubuhi moja kuku sita wamelala chini, hawajaliwa, wameng'atwa tu. Swali linakuja: "Afisa, huyu mbwa ana roho mbaya?"

Hana. Raymond Coppinger, Mmarekani aliyechunguza mbwa wa mifugo kwa miaka mingi, alieleza kwamba uwindaji wa mbwa una hatua zinazofuatana: kukazia macho, kunyatia, kufukuza, kukamata, kuua, kisha kula. Mbwa mwitu anazo zote kwa mpangilio. Binadamu, kwa kuchagua wazazi kizazi hadi kizazi, amezikuza baadhi na kuzififisha nyingine. Border Collie wa kuchunga kondoo anakazia macho, ananyatia na kufukuza kweli kweli, lakini hamu ya kuua imepungua. Anatolian wa Uturuki, mbwa wa kulinda kundi, hatua karibu zote zimelala. Ndiyo maana anaweza kushinda katikati ya mbuzi bila kuwagusa. Namibia wanawatumia hao tangu 1994 kuwakinga mbuzi na duma, na kwetu wamejaribiwa kule Ruaha.

Sasa German Shepherd alitengenezwa Ujerumani, kuanzia 1899, kutokana na mbwa wa kuchunga. Kufukuza kumo ndani yake. Kuku anayerukaruka na kupiga kelele anamwamsha, na akishakamata mmoja, mchezo umenoga. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto wa mbwa wa wawindaji wa nguruwe pori: wazazi wake walipendwa kwa sababu wanakimbiza. Mlete bandani uone.

Lakini usije ukadhani aina ndiyo kila kitu. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000, na aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo hata ndugu wa tumbo moja, mmoja mwoga, mwingine mkorofi, wa tatu mpole anayelala mchana kutwa. Mbwa wetu wa kienyeji anafaa sana, tena hali kama mgeni wa heshima.

Kwa hiyo nenda ukamwone mama. Mimi naanzia hapo kila mara. Mama anayejificha chini ya uvungu watu wakifika, au anayerukia kila kitu, watoto wake siwachukui hata kwa bei ya bure. Nikipata mama anayebweka, anaangalia mwenye nyumba, kisha anatulia, hapo tunaongea.

Jambo la pili ni umri. Kati ya wiki ya 3 na ya 12 ubongo wa mtoto wa mbwa uko wazi kuzoea. Mchukue akiwa na wiki 8 hivi, kisha kila siku akae karibu na kuku ukiwepo wewe, akiwa kwenye kamba. Akitulia, mpe kitu. Akianza kukazia macho, mwondoe palepale, usingoje akimbie. Azoee pia bodaboda, watoto, na mama wanaokuja kununua mayai. Aliyekulia kwenye kreti nyuma ya nyumba hadi miezi 5 ataogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata: mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, weupe wa macho unaonekana. Wengi wanamwita mkali. Kumfunga mnyororo mchana kutwa kunamzidishia, maana hana pa kukimbilia.

(Kwa wenye vibarua: wengi huku ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Usimlazimishe kijana wa watu kuosha chombo cha mbwa. Osha mwenyewe.)

Kuna badiliko moja la tabia ambalo si la kufundisha. Mbwa mpole akianza ghafla kung'ata hata miti, au mkali akawa mnyonge, anatoka udenda, sauti imebadilika, anashindwa kumeza: fikiria kichaa cha mbwa. Usimshike wala kumfungua mdomo ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie akiwa peke yake kama inawezekana bila kumgusa, piga simu ofisi ya mifugo. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wako apate chanjo akifikisha miezi 3, irudiwe kila mwaka, na kadi uihifadhi pamoja na kumbukumbu za kuku wako.