Kabla Mama hajatiwa vyuma mgongoni

Mdogo wangu wa Runyenjes, barua yako nimeisoma mara tatu. Kilichonishika si neno la daktari kwamba uti wa mgongo wa Mama umebana huku chini kiunoni. Ni pale ulipoandika kwamba kutoka steji hadi sokoni lazima akae njiani mara mbili, ilhali akisukuma wilbaro ya nepia anafika bila kupumzika, na kwamba siku hizi anaupanda mlima vizuri kuliko anavyoushuka. Nyumbani wanasema anajisingizia. Hajisingizii hata kidogo. Mtu akiinama, njia inayopitisha mishipa ya fahamu hupanuka kidogo. Akijinyoosha, na mteremko humlazimu ajinyooshe, njia hubana na miguu hufa ganzi. Mwombeni radhi, tena mwacheni ainame.

Sasa mmeambiwa skrubu na vyuma, na mnataka kuitisha harambee. Hapo ndipo ninapotaka mtulie.

Upasuaji wa ugonjwa huu kazi yake hasa ni kuipa mishipa nafasi. Daktari huchonga mfupa wa nyuma wa pingili na kuondoa kano iliyonenepa ikaingia ndani. Wengine huondoa sehemu kubwa ya mfupa huo, wengine hutoboa upande mmoja tu na kusafisha pande zote mbili kupitia hapo. Norwe walilinganisha njia tatu za namna hii kwa wagonjwa 437, wakatoa matokeo mwaka 2022: baada ya miaka 2 nafuu ilikuwa ileile. Kwa hiyo usikeshe ukiwazia ukubwa wa kovu. Tafuta daktari aliyeizoea njia yake.

Kuunganisha pingili kwa skrubu ni habari nyingine. Uswidi, mwaka 2016, walichapisha utafiti wa wagonjwa 247. Kundi moja lilipanuliwa njia tu, jingine likaongezewa kuunganishwa pingili. Miaka 2 ilipopita makundi hayo hayakupishana, hata kwa wale ambao pingili moja ilikuwa imeteleza mbele ya nyingine. Waliounganishwa walilala hospitali siku 7.4 kwa wastani, wenzao 4.1. Fikiria siku hizo mkiwa mnalipa kitanda, na wewe unalala kwa watu Nairobi. Mwaka huohuo utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 66 waliotelezwa na pingili uliona faida kidogo kwa kuunganisha, ndiyo maana madaktari bado wanabishana. Lakini Norwe walirudi mwaka 2021 na wagonjwa 267 wa aina hiyo, na waliopanuliwa njia peke yake hawakubaki nyuma. Mimi nimeshachagua upande: Mama asitiwe vyuma mpaka daktari amwonyeshe sababu yake kwenye picha. Mifupa ya mama mzee ikishapungua nguvu, skrubu hulegea.

Sababu zipo, usinielewe vibaya. Pingili ikiwa inacheza kila anapoinama, au mgongo umepinda sana, kupanua peke yake huenda kusitoshe. Ila MRI hupigwa mtu amelala, na kucheza huko kunaweza kujificha. Omba eksirei mbili, moja akiwa ameinama na nyingine akijinyoosha kwenda nyuma.

Kuna pia kidude kinachopachikwa kati ya miiba ya pingili kuziachanisha. Uholanzi mwaka 2013, asilimia 29 ya waliowekewa walirudishwa chumba cha upasuaji, dhidi ya asilimia 8 ya waliopanuliwa njia kwa kawaida. Mimi ningekataa.

Na mazoezi? Mwaka 2015 Wamarekani waligawa wagonjwa 169 kati ya upasuaji na mazoezi ya mtaalamu wa viungo. Miaka 2 baadaye makundi yalilingana, ingawa zaidi ya nusu ya waliopewa mazoezi waliishia kupasuliwa. Basi kujaribu kwanza si woga, na kupasuliwa baadaye si kushindwa. Jambo moja tu Mama alijue mapema: upasuaji huu hutibu miguu zaidi ya mgongo. Kama kinachomnyima usingizi ni kiuno chenyewe, huenda asifurahi.

Kusubiri huku kuna mpaka. Akishindwa kuzuia mkojo au choo, akafa ganzi kule anakokalia, au mguu ukalegea ghafla, msingoje kliniki ya Jumatatu. Mpelekeni hospitali ya Embu Level 5 usiku huohuo.

Wiki hii tembea naye. Hesabu dakika kabla hajatafuta pa kukaa, andika. Beba karatasi hiyo na CD ya MRI umwone daktari wa pili wa mgongo, awe wa hospitali ya Kenyatta au ya Kijabe, umuulize: vyuma ni vya nini, na tukipanua njia tu tutapoteza nini? Harambee ingoje jibu lake. Nami niandikie eksirei ya kuinama imeonyesha nini.